Fundi wa Kujalidi wa Mkunazini na Nakala ya Bwana Msa

Katika vichochoro vya Mkunazini, Mji Mkongwe, kuna duka dogo lisilo na kibao ambalo kazi yake kubwa ni kujalidi misahafu na vitabu vya chuoni. Si wengi wanaojua kwamba fundi wake hupokea riwaya pia. Tathmini hii nawaandikia wale ambao wangeweza kununua nakala mpya ya kitabu wakipendacho lakini hawaitaki, kwa sababu mapenzi yao yako kwenye ile ile iliyochakaa na kwa mtu aliyemo ndani yake.

Nakala niliyompelekea ni ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Niliirithi kwa marehemu mjomba wangu, ambaye alikuwa na tabia ya kubishana na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, kwa penseli pembezoni mwa kurasa. Mahali pamoja ameandika, «Hapo umepotea, bwana!», na kurasa chache mbele, kwa maandishi madogo zaidi, «Niwie radhi, Bwana Msa.» Mimi nami nilimpenda mpelelezi huyo kabla sijaweza kufuata nusu ya mafumbo yake, nilipenda kiko chake, na namna anavyonyamaza wakati wengine wanapayuka, na subira yake kwa rafiki yake Najum. Mwandishi mwenyewe, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918 aliyehariri magazeti kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1991 na sikuwahi kumtia machoni, lakini zipo sentensi zake ambazo kila nikizisoma huamini kwamba aliziandika huku akicheka peke yake.

Kuna watakaoona kwamba haya ni mapenzi ya kitoto, kumpenda mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Sherlock Holmes, ambaye Bwana Msa anachukua mengi kwake, aliuawa na mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, katika hadithi ya mwaka 1893, na wasomaji, watu wazima wenye kazi zao na familia zao, walilalamika kwa uchungu hata mwandishi, miaka kumi baadaye, akamrudisha akiwa hai. Basi sisi wa Unguja tunaomhangaikia Bwana Msa hatujazua jambo jipya.

Sasa niseme kazi ilivyokwenda. Kitabu kilikuwa kimebanwa kwa pini za chuma, na kwa hewa yetu ya bahari pini hizo zilikuwa zimeshika kutu hadi kuitafuna karatasi. Mtu fulani zamani alikuwa amejaribu kuuokoa mgongo wake kwa selotepu, ambayo ilikuwa imekauka na kuacha utepe wa rangi ya chai. Fundi aling'oa pini moja moja kwa koleo ndogo, akaziba matundu kwa vipande vya karatasi nyembamba, kisha akazishona kurasa kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Gundi yake huipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na sifa yake ni kwamba atakayekuja kukitengeneza kitabu hicho baadaye ataweza kuilainisha kwa maji bila ya kuchana kitu.

Kilichonipendeza zaidi kilitokea kabla hajaanza. Kwa kawaida kitabu kikishashonwa, kingo zake hupitishwa kwenye mashine ya kukatia ili zilingane. Alifungua katikati, akasoma ule ugomvi wa penseli, akauliza, «Huyu si ndiye yule wa kiko?» Nikamjibu, «Ndiye, Maalim.» Akasema, «Basi tusikate. Tukikata, tutamnyamazisha mzee wako.» Kingo zimebaki na mapengo yake, na maneno ya mjomba yako kamili.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa sana kupita ahadi, na kila nilipopita niliambiwa kwamba misahafu imetangulia, jambo ambalo sikuweza kulipinga. Jalada jipya ni la kitambaa cha kijani kibichi ambacho sikukichagua, na jina la kitabu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na mstari wake umepinda kuelekea mwisho. Niliomba jalada la zamani lihifadhiwe ndani, akalihifadhi, ila gundi ilizidi kidogo na ukurasa wa kwanza ukashikana nalo upande mmoja. Kwa shilingi 15,000 sioni kwamba nimepunjwa.

Sitamshauri mtu ampelekee hati za mkono za wazee, mashairi au barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizo ni bora kwanza kuziombea ushauri kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kwa riwaya na diwani zilizochapwa, huyu ni fundi wa kuaminika, mradi umweleze mapema rangi unayoitaka na ukatae kalamu. Mimi nimeshaitenga nakala yangu ya Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya Bwana Msa, lakini nitaipeleka masika yakishapita, kwani wakati wa mvua gundi ya unga huchelewa kukauka na kitabu kikafanya ukungu.