Bango la kanisa: fleksi, bati, alukobondi au taa?

Bango la kanisa husomwa kwanza na mtu asiyesali pale: dereva wa bodaboda aliyebeba mgeni, mama anayetafuta zahanati ya parokia, mfiwa anayetaka kujua misa ni saa ngapi. Muumini hana shida nalo, njia anaijua. Kwa hiyo aina nne za mabango wanazouza mafundi wa miji yetu (fleksi, bati la kupaka rangi, alukobondi na msalaba wa taa) zinapimwa hapa kwa swali moja: mpita njia ataelewa nini, na je, masika ya pili yakipita ataelewa hivyo hivyo?

Fleksi, yaani turubai la plastiki linalochapwa kwa mashine, ndiyo inayonunuliwa zaidi, na inasifiwa kupita thamani yake. Kwa mkutano wa injili wa wiki moja, harambee au jubilei ya parokia, hakuna kinachoishinda: inachapwa siku hiyo hiyo, ni rahisi, na inabeba picha yoyote. Ikiwekwa kuwa bango la kudumu inaharibika, na uharibifu huanzia kwenye rangi. Jua hula wino wa njano na wa majenta (pinki iliyokoza) kabla ya bluu na mweusi. Nyekundu ya fleksi ni njano na majenta zilizochanganywa, kwa hiyo msalaba mwekundu unapauka, ndimi za moto za Pentekoste zinafifia mpaka zinapotea, na uso wa Yesu unabaki wa bluu. Kwenye jua la moja kwa moja hesabu mwaka mmoja, ukibahatika miwili.

Kama lazima iwe fleksi, dai ya gramu 440 au 510 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo huchanika kwenye pembe. Pindo lichomwe kwa joto, lisigundishwe tu, na ringi za kupitishia kamba ziwe kila sentimita 50. Ifungwe kwa kamba au mpira. Waya hukata ringi upepo unapovuta. Mafundi wengi hupenda kukata matundu ya nusu duara ili upepo upite. Usikubali: hayapunguzi nguvu ya upepo kwa kiasi cha maana, na kila tundu ni mwanzo wa mpasuko, mara nyingi katikati ya jina la kanisa.

Kasoro nyingine ya fleksi ni kwamba picha haiongezi gharama, basi kila kitu kinaingizwa: mchungaji, mama mchungaji, mgeni wa kimataifa, njiwa, moto, Biblia, dunia na tai. Msalaba unasukumwa pembeni ukiwa na ukubwa wa kiganja. Aliye ng'ambo ya barabara anaona mtu mwenye suti na namba ya simu, na hajui kama ni kanisa, ni mgombea udiwani au ni duka la suti.

Bati lililochorwa kwa mkono na fundi anayejua kazi yake ndilo ninalolipatia alama za juu kwa parokia, usharika na mitaa mingi. Linadumu miaka, linapakwa upya bila kung'olewa, na kwa kuwa kila herufi ni jasho la fundi, maneno yanakuwa machache, jambo ambalo ni zuri. Malalamiko ni moja tu, nayo yana sababu inayojulikana: rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu baada ya mvua za kwanza. Hapo fundi amepaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati lenye zinki. Mafuta ya rangi hukutana na zinki na kutengeneza utando wa sabuni katikati, na rangi inakosa pa kushika. Praima nyekundu ya kuzuia kutu haisaidii hapo, hiyo ni ya chuma cheusi. Bati lenye zinki lioshwe kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, lifutwe kwa siki, likauke, lipigwe msasa mwepesi, kisha lipakwe praima ya kushikia zinki. Ndipo rangi ya mafuta, mikono miwili, siku nzima kati ya mkono na mkono. Fundi anayesema atamaliza vyote kwa siku moja anakuuzia kazi ya msimu mmoja.

Kwa fremu, skwea paipu ya inchi moja na nusu inatosha kwa bango la mita 1.2 kwa 2.4, nguzo ziwe za inchi mbili au zaidi, zizame sentimita 75 kwenye zege. Ukingo wa chini uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu, walau mita 2.1.

Herufi zina hesabu yake. Sentimita moja ya urefu wa herufi husomeka vizuri kutoka mita tatu na nusu hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Ukimpa dereva sekunde tatu za kusoma, anahitaji kuanza akiwa mita 42. Kwa hiyo jina la kanisa lisipungue sentimita 12, na mimi ningeweka 15. Mstari wa Biblia wa sentimita nne ni wa anayetembea kwa miguu, na ukitambua hivyo utauweka chini, karibu na macho yake.

Sasa alama zenyewe, maana hapa ndipo penye vichekesho na mikanganyiko mingi, na fundi hufuata anachoelekezwa.

Anza na msalaba. Kwa urefu wa sentimita 90, boriti ya kulala iwe 60, unene 12, na katikati ya boriti iwe sentimita 30 kutoka juu. Fundi akiishusha mpaka katikati na kusawazisha mikono, umepata alama ya kujumlisha. Ikiwa nyekundu juu ya nyeupe, umepata kitu kizito zaidi: nembo ya Msalaba Mwekundu, inayolindwa na Mikataba ya Geneva na sheria za nchi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Nembo hiyo ilichaguliwa mwaka 1864 kwa kugeuza rangi za bendera ya Uswisi, na kazi yake ni kulinda wahudumu wa majeruhi vitani. Haimtangazi Kristo, na zahanati ya kanisa haina ruhusa ya kuitumia kwa sababu tu ni zahanati au ni ya kanisa. Msalaba mweupe juu ya kijani unatosha kumwonyesha mgonjwa pa kwenda, na ule mrefu wa kanisa ukae kando yake kwa rangi nyingine.

Alama nyingine hupotea kwa sababu ya majirani. Mwanakondoo akichorwa peke yake kwenye barabara yenye bucha tatu anatangaza nyama. Kinachomfanya awe Mwanakondoo wa Mungu ni bendera yenye msalaba anayoishika kwa mguu na mwanga kichwani. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana nembo ya namna hiyo, na huzungushiwa maneno yanayosema Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Maneno hayo ndiyo yanayomwokoa. Samaki ni vivyo hivyo: Wakristo wa kwanza walimtumia kwa sababu herufi tano za jina lake la Kigiriki huanzia maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi, lakini kando ya soko la feri anasomeka kuwa yuko kwenye kikaango. Funguo mbili zilizopishana za Petro zinaleta watu waliofungiwa nje ya nyumba zao. Mwali wa moto peke yake ni wakala wa gesi. Mwari anayetoboa kifua kulisha makinda kwa damu yake, picha ya kale ya Ekaristi, kwenye bati huishia kuwa bata anayejikuna. Mwache ndani, kwenye tabernakulo, alikochongwa na mtu mwenye muda.

Njiwa anastahili uangalifu. Akishuka kichwa chini, mbawa wazi, na mwanga nyuma, ni Roho Mtakatifu. Akiwa na tawi la mzeituni mdomoni ni njiwa wa Nuhu, ni amani. Mafundi huchanganya wote wawili kwa sababu wanatafuta picha kwenye simu na kuchukua ya kwanza. Mpe fundi mchoro uliochapwa, wenye mistari minene, na umkataze kuongeza manyoya. Kila unyoya anaouongeza unamsogeza njiwa kwenye ukuku.

Kuna alama mbili ambazo ni za Kikristo kweli na bado nashauri zisiwekwe barabarani. Ya kwanza ni jicho ndani ya pembetatu, ishara ya Utatu na ya Mungu aonaye yote, iliyomo katika makanisa mengi ya zamani ya Ulaya. Kwetu mpita njia ataikumbuka dola ya Marekani na kusema ni Freemason, na kufikia jioni mtaa mzima utakuwa umeambiwa. Ya pili ni msalaba uliogeuzwa, wa Mtume Petro, ambaye mapokeo yanasema aliomba asulubiwe kichwa chini. Ukikuta parokia ya Mtakatifu Petro imeuweka kwenye geti, ujue kuna katekista anayechoka kujibu maswali ya ushetani.

Jeshi la Wokovu limefaulu pale wengi wanapokwama. Nembo yao imejaa vitu: msalaba, herufi S, panga mbili, taji, miale ya jua. Kwa mbali havisomeki hata kimoja. Lakini barabarani wanatanguliza ngao nyekundu yenye jina lao, umbo moja na rangi moja, na ile nembo yenye maneno Damu na Moto inabaki kwenye sare. Ni mgawanyo wa kazi wa kuigwa: alama ya kuonyesha njia kivyake, alama ya kufundisha kivyake.

Kanuni ya maneno chini ya alama ni ya zamani kuliko kanisa lolote. Anwani aliyoiweka Pilato juu ya msalaba iliandikwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, kama isemavyo Yohana 19:20, kwa sababu wapita njia walikuwa wa lugha hizo. Herufi nne tunazozichora leo, INRI, ni ufupisho wa maneno ya Kilatini, na asiyefundishwa hazimwambii kitu. Zikiwekwa bango la nje, Kiswahili kiandikwe kikamilifu chini yake: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi.

Baada ya alama, tazama vibao vilivyo jirani, kwa sababu jicho huvisoma vyote kwa pamoja. Bango lenye "Mimi ndimi njia" likisimama juu ya kibao cha "HAKUNA NJIA" watu watapiga picha, na hawataandika jina la mtaa wala ratiba. "Njoni kwangu, ninyi nyote" haikai geti moja na "MBWA MKALI". "Bisheni, nanyi mtafunguliwa" inagombana na "USIGONGE, PIGA SIMU". Maandishi ya "USIKOJOE HAPA" yasiwekwe chini ya msalaba hata kama ukuta ni huo huo. Yasogezwe mita kadhaa, au pafungwe taa, ambayo hufukuza wakojoaji kuliko maandishi. Dawa ni kupiga picha ya geti zima kabla ya kuagiza, kuorodhesha kila kibao kilichopo, na kuamua kipi kiondoke.

Kuna na alama ya X nyekundu. Kwenye hifadhi ya barabara, Tanzania na Kenya, X iliyopakwa ukutani ni amri ya kubomoa, na makanisa hayasamehewi. Basi usipake msalaba wa Mtume Andrea, ambao ni X, kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nje, hata kama kanisa ni la jina lake. Tumia bluu na nyeupe. Na kabla ya kuchimba shimo la nguzo, uliza kibali kwa wenye barabara. Kwa Tanzania ni TANROADS au TARURA kulingana na barabara.

Alukobondi, yaani bamba la alumini mbili lenye plastiki katikati, ni kazi safi na ya gharama. Bamba huja mita 1.22 kwa 2.44, pima bango lako humo ili usilipie vipande. Dai unene wa milimita nne na ribiti, maana gundi ya pande mbili huachia kwa joto na herufi za akriliki zinaanguka moja moja. Matundu ya herufi hizo yawe mapana kidogo kuliko skrubu: akriliki ya mita moja hutanuka kama milimita mbili kati ya alfajiri na mchana mkali, na tundu likibana, herufi hupasuka. Kwa kanisa lililo barabara kuu lenye fedha, inafaa. Kwa kigango, hapana.

Msalaba wa taa za LED ndio bora usiku, na ndio unaoaibisha ukifungwa vibaya. Fundi akiunga taa zote kwenye waya mmoja, kiungo kimoja kikiingia maji, kila kilicho mbele yake kinazima, na msalaba unabaki T au fimbo. Agiza kila mkono upate waya wake kutoka kwenye pawa saplai, taa ziwe za IP67, yaani zisizoingiza vumbi wala maji, na pawa saplai ibebe asilimia 80 tu ya uwezo wake: taa za wati 32 zipewe ya wati 40. Ikae ndani ya nyumba au kwenye boksi lenye tundu la kutolea maji chini. Pwani, skrubu ziwe za chuma cha pua, la sivyo chumvi itachora mistari ya kutu kutoka mikononi mwa msalaba.

Mwisho ni ratiba. "Ibada 1:00 – 3:00" inamleta mgeni wa Ulaya saa saba mchana, watu wakiwa wameshakula. Andika "saa 1 asubuhi" na, kwenye miji ya watalii, "7:00 AM" kando yake. Ratiba iwe kwenye kipande kidogo cha bati kinachofunguliwa kwa bolti, kwa kuwa saa hubadilika Kwaresima na jina la kanisa halibadiliki. Maandishi yote yakaguliwe na watu wawili kabla ya rangi, "KALIBUNI" ikitafutwa kwanza, na salio la malipo litoke baada ya mtu asiyesali hapo kusimama mita 40 na kusoma kwa sauti anachokiona.