Mita ya Umeme Iliyonionyesha Ugonjwa wa Corolla Baada ya Betri Kufungwa Kinyume

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mita hii niliinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, nami sitawasomea maelezo ya boksi, kwa kuwa mita zote za bei hii hupima volti, ukinzani na mkondo. Kilichonifurahisha ni kitu kimoja tu, nacho ni mlio wake, ule unaolia pale njia ya umeme kati ya ncha zake mbili ikiwa haijakatika.

Gari lililo nyuma yangu ni Toyota Corolla ya mjomba wangu. Juzi lilifungiwa betri mpya ambayo vichwa vyake vimekaa pande tofauti na vya ile ya zamani. Waya wa chanya ukaenda kwenye hasi, cheche ikaruka, na tangu hapo hata taa ya ndani haiwaki. Betri tumeshaigeuza, inasoma volti 12.5, kwa hiyo yenyewe ni nzima.

Sasa tazameni kwa makini. Nimetoa waya wa hasi, kwa sababu kipimo cha mlio hakitumiki penye umeme, kisha nimefungua fyuzi kubwa ya alternata, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ya ampea 100, ambayo hukazwa kwa nati wala haichomolewi kwa vidole. Nagusisha ncha mbili za mita: inalia papo hapo. Nagusa pande mbili za fyuzi: kimya. Nakwangua kutu, nagusa tena: kimya. Imekatika, ingawa kwa macho ungeapa kuwa ni nzima. Mita yangu ya zamani ilichelewa kulia, nikawa nabaki na shaka kila nilipogusa. Na taa ya kupimia, wanayoipenda mafundi wengi, isingefaa hapa, kwa kuwa haiwaki pasipo umeme.

Nawasihi msikimbilie kufunga fyuzi mpya, wala msiunganishe kwa kipande cha waya. Betri ikifungwa kinyume, dayodi za alternata, ambazo kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, huupitisha wote kwa mkupuo, na hapo ndipo fyuzi hukatika. Dayodi zikiwa zimeungua, fyuzi mpya nayo itakwenda. Nimetenga waya mnene wa alternata na kuiweka mita kwenye alama ya dayodi: ncha nyekundu kwenye bodi ya alternata, nyeusi kwenye boliti ya waya, inatoa namba, yaani umeme unapita, nikizibadilisha, inaandika OL, yaani haupiti, kwa hiyo dayodi ni nzima. Ingelia pande zote mbili, tungeishusha alternata.

Nyaya za mita hii ni fupi mno, na hilo linaniudhi kila ninapoinama chini ya boneti. Hata hivyo, siku ya kwanza niliiona ghali kwa mita isiyo na jina, na leo nabadili kauli.

Fyuzi mpya imefungwa, injini imewaka, na kwenye betri nasoma volti 14.2, yaani alternata inachaji. Redio peke yake bado haiwaki, na fyuzi yake inakatika kila nikiiweka. Nimeichomoa redio yenyewe, nikagusa waya wake wa chanya na bodi yake, na mita imelia, yaani ndani yake kuna shoti. Nashuku dayodi iliyo ndani ya kuilinda betri ikifungwa kinyume, nami nitaifungua redio mbele yenu katika video ya Jumamosi.