Sahani ya mapichi na popo kutoka Jingdezhen: uzoefu wangu

Sahani niliyoagiza ni nakala ya zile zilizotengenezwa Jingdezhen, mji wa China unaosifika kwa vyombo vya kauri, kwa ajili ya kasri la mfalme Yongzheng, aliyetawala China kuanzia 1723 hadi 1735. Nilimtuma mdogo wangu anayefanya biashara Guangzhou. Yuan 420, nauli ya mzigo mbali. Imefika Unguja nzima, imezongwa sponji mpaka nikachoka kufungua.

Uzuri wake hasa uko kwenye tawi la mpichi lililochorwa. Linaanzia chini, kwenye duara la kitako, linapanda ubavuni kwa nje, linavuka ukingo na kuendelea ndani bila kukatika. Nakala za bei ya chini hukosea hapo: tawi la nje na la ndani haliungani. Hili langu limeungana, ila linapovuka ukingo rangi ya kahawia imejikusanya kidogo. Ukipitisha kidole unaipapasa rangi, imeinuka juu ya mng'aro. Ndivyo inavyotakiwa, maana rangi hizi hupakwa chombo kikishachomwa, kisha kinarudishwa tanurini kwa moto mdogo zaidi.

Mapichi ni maisha marefu. Popo ni baraka, kwa kuwa jina lake kwa Kichina hutamkwa sawa na neno la baraka, na wakiwa watano ni zile baraka tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema. Wakipakwa nyekundu, kama hawa wangu, baraka inazidi. Shangazi nilipomweleza hakutaka hata kunisikiliza. "Popo ndani ya nyumba, mwanangu? Ya popobawa hayajatutosha?"

Sasa kasoro. Kitakoni kuna alama ya Yongzheng, herufi sita za buluu ndani ya duara mbili, na zimeandikwa vizuri tu. Lakini mapichi ni tisa! Sahani za Yongzheng kwa kawaida huwa na manane. Tisa ni mtindo wa enzi ya mwanawe, Qianlong. Fundi kachanganya baba na mwana. Anayetaka pambo tu halimhusu, mimi linanikera kila nikipita. Na ile rangi ya waridi ya mapichi nayo: ya asili ilitokana na dhahabu, ikawa laini, inafifia taratibu mpaka kwenye nyeupe ya tunda. Hii imekoza kama pipi ya kijiti.

Muuzaji nampa nyota nne kwa tawi na ufungaji. Nyota ya tano imeliwa na lile pichi la tisa. Kwa bei hiyo sijutii, na jozi yake nitaagiza, ila safari hii nitataka picha ya nje na ndani kabla ya kulipa. Ya kwangu nimeitundika ukumbini. Chakula siitilii, kwani rangi za aina hii mara nyingi huwa na madini ya risasi.