UPS ndogo ya ruta, baada ya miezi 3 ya radi na odisheni za kujirekodi

Hii UPS, yaani kiboksi chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika, nimekaa nayo karibu miezi 3, yaani msimu wote huu wa joto ambao huku umekuwa wa dhoruba tupu, na nawaandikia hasa waigizaji wenzangu mnaoishi nchi za watu. Odisheni zangu, yaani majaribio ya kuombea nafasi ya kuigiza, karibu zote najirekodi mwenyewe chumbani. Natumiwa sini mbili, yaani vipande viwili vya kuigiza, na siku moja au mbili za kuzirudisha, nafunga simu kwenye stendi, taa mbele, shuka la kijivu nyuma, na rafiki yangu aliyeko nchi nyingine ananisomea mistari ya mhusika wa pili kwa video. Sasa umeme ukikatika simu ina betri yake, laptopu ina betri yake, kinachokufa ni ruta, kile kifaa kinachotoa wifi, na ruta ikifa msomaji wangu kapotea na faili halipandi.

Ndo yaliyonikuta mwanzoni mwa msimu, sini ya kulia, teki ya 4 (narekodi kwa mara ya nne), machozi yalikuwa yameshakuja yenyewe, radi ikapiga nyumba nzima giza. Nilikuja kutuma kesho yake asubuhi, muda umeshapita. Niliumia sana, maana ukiwa ugenini nafasi zinazokufaa ni chache, kuna wiki nzima hupati hata moja.

Nikanunua hii ya 600 VA (volti-ampea). Wengi wanaangalia hiyo namba ya VA, nyie angalieni wati, yangu ni 360. Hizo nazo zinakwambia tu mzigo inaoweza kubeba, muda itakaokaa unatokana na betri, na humo ndani kuna moja ya asidi, volti 12, ampea-saa 7 (hicho ndo kipimo cha umeme inaoweza kutunza). Aliyeniuzia alisema nichomeke kila kitu, nitapata masaa 3. Si kweli. Ruta peke yake na kile kiboksi cha faiba, kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya wa nje na kuipa ruta, zinakaa kama masaa mawili na nusu, nikiongeza taa yangu ya LED ya wati 30 napata dakika 50 hivi. Laptopu msiichomeke humo, inakula betri bure. Na msisahau hicho kiboksi cha faiba! Mara ya kwanza nilichomeka ruta tu, wifi ikawa imejaa vizuri kabisa lakini intaneti hakuna, nikazunguka nusu saa kabla sijaelewa.

Kitu cha kujua kabla ya vyote ni mlio. Umeme ukikatika UPS inalia, pii, pii, kila baada ya sekunde chache, kukutaarifu kwamba sasa unatumia betri. Kwa mtu wa ofisini sawa, kwa mtu anayerekodi ni balaa, maana maikrofoni inaudaka mlio hata ukiifunika kwa mto, na ukishaingia juu ya sauti yako hauondoki bila kuiharibu sauti yenyewe. Kwenye yangu unabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja wakati inalia ndo inanyamaza, ila umeme ukirudi ukakatika tena inaanza upya, na siku za dhoruba umeme unarudi na kukatika hata mara 5 ndani ya lisaa. Kwa hiyo kabla hamjalipa ulizeni kama mlio unazimika moja kwa moja. Halafu ikiwa kwenye betri umeme wake hauko laini kama wa ukutani, maikrofoni niliyokuwa nimeichomeka humo ikaanza kuvuma, nikaihamishia kwenye laptopu na mvumo ukaisha.

Na jamani msiichukulie kama kinga ya radi. Inapunguza umeme unaoruka ghafla kwenye nyaya, radi ya karibu haiiwezi. Mimi nikiona mwanga nahesabu sekunde hadi ngurumo, nagawa kwa 3, napata kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30 naichomoa kabisa ukutani, yenyewe inaendelea na betri na mimi naendelea na sini yangu. Faiba ni kioo haipitishi umeme, lakini kama intaneti yenu inakuja kwa waya wa shaba na huo pia uchomoeni, mbaki na data ya simu.

Kelele ya mvua haina dawa humu, siku hizi narekodi asubuhi, kwa sababu mawingu ya radi yanajengeka mchana ardhi ikishapata joto na jioni ndo yanashuka.

Jioni nayo inanifaa kwa kingine. Mama akisikia huku kuna dhoruba lazima apige, na zamani tulikuwa tunakatika katikati, anabaki na wasiwasi usiku kucha. Sasa anauona uso wangu mpaka ngurumo zinaisha, wakati mwingine hatuongei kitu, namsikia tu akipanga vyombo. Kwangu hilo pekee lingetosha kuinunua.

Betri za aina hii hukaa miaka 3 hadi 5 na joto linazimaliza mapema, iwekeni sakafuni mbali na dirisha. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ule mlio.