Bima ya nyumba: jiko limeungua, wamenilipa, ila soma hapa kabla hujasaini

Jina la kampuni silitaji, ofisi zao ziko Posta hapa Dar, na naongelea bima ya nyumba siyo ya gari maana ukisema bima watu wote akili inaenda kwenye gari. Nipo nao mwaka wa tano, nalipa laki mbili na ushee kwa mwaka pamoja na VAT, na kila mwaka mume wangu ananiuliza hivi hiyo hela huwa unampelekea nani.

Mwezi wa nne umeme ulikatika tangu mchana, ukarudi saa mbili usiku, taa zikawaka nyeupeee, TV sebuleni ikalia tap ikazima. Tumekazana na TV kumbe jikoni nyuma ya friji ekstensheni inaungua, mpaka harufu inatufikia moshi umeshajaa mlangoni. Tukazima main switch, kijana wa jirani akaingia akautoa mtungi wa gesi nje mbio (huyo kijana namwombea mpaka leo), 114 tulipiga lakini njia zetu za Goba mnazijua mvua ikinyesha, hivyo majirani ndo wakauzima na mchanga na ndoo. Jipsamu yote chini, makabati majivu, dirisha limepasuka, waya za jikoni na korido za kufumua upya.

Sasa huduma. Kwa mapokezi nawapa maua yao, nilipiga usiku uleule dada akapokea, hakuniletea za njoo kesho ofisini, akasema pole dada, msifagie kitu chochote, pigeni picha kila kona, asubuhi nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa uliyoripoti). Kama siyo yeye ningekuwa nimeshafagia kila kitu maana mimi uchafu siuwezi. Siku ya tatu akaja asesa, yaani mkaguzi wa hasara, kijana mpole, akachuchumaa pale nyuma ya friji na kalamu yake anakwangua masizi kwenye soketi, akaniuliza "mama, hii ekstensheni ilikuwa inabeba nini na nini?" Nikamwambia friji, microwave na birika la umeme. Akanyamaza, akaandika. Hilo kunyamaza lilinikosesha usingizi wiki nzima jamani, ila kwenye ripoti aliandika ajali ya umeme na ikapita.

Kilichonikata maini ni hesabu. Fundi alikadiria matengenezo milioni 9 na asesa hakubisha. Lakini wakati nakata bima nyumba niliiandikia milioni 60, baada ya hapo tukaongeza vyumba viwili na fensi na mimi sikuwaambia, asesa akasema kuijenga upya leo ni milioni 90. Kwa hiyo nimekatia bima theluthi mbili tu, basi na hasara wanalipa theluthi mbili, 9 ikawa 6, halafu ikatoka eksesi (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) asilimia 10, nikabaki na milioni 5 na laki 4. Nilipiga kelele pale ofisini, mkaka akanifungulia mkataba ukurasa wa nne, ipo, tena siyo kwa maandishi madogo kama watu wanavyosema, ni mimi tu sikusoma. Na msichanganye, hiyo thamani ni gharama ya kujenga upya, siyo bei ya kuuzia na kiwanja ndani yake, kiwanja hakiungui.

TV hawakulipa hata mia. Friji wamelipa kwa sababu iliguswa na moto, tena kwa bei ya friji iliyotumika miaka sita, lakini TV iliuliwa na umeme wenyewe bila moto, na hiyo ni kava nyingine ya kuongezea. Hapa nawalaumu, wakala alipokuja kuuza aliniambia "dada hii inakava kila kitu", na hiyo sentensi ukiisikia mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi.

Yule asesa wakati tunamsubiri fundi alinipigia stori za klemu, yaani madai ya kulipwa, anazokutana nazo. Simtank ya juu boya limekufa, maji yanamwagika usiku kucha dari linashuka, hiyo wanalipa, ila ukuta uliolowa kidogokidogo mwaka mzima hawalipi, hayo wanayaita uchakavu. Wizi wanataka waone kitasa au nondo imevunjwa, dada wa kazi akiondoka na vitu mlango uko wazi andika maumivu. Mafuriko uliza kabisa kama yamo, hasa mlio karibu na mto Msimbazi na mabonde yake. Na ukisafiri nyumba ikabaki tupu zaidi ya siku 30 wape taarifa, kwangu imeandikwa hivyo.

Mimi nimeita fundi umeme mwenye leseni akakuta ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) haifanyi kazi kabisa, yaani miaka yote hiyo. Amerekebisha, ameweka breka zinazokata zenyewe, friji ina soketi yake na gadi ya kuilinda umeme ukipanda, mtungi umehamia nje na mpira mpya. Kizimamoto cha unga kiko mlangoni mwa jiko, siyo ndani, maana ndani ukikihitaji ndo hufiki. Risiti zote nimezipiga picha ziko kwenye email, sababu za kwanza ziliungua kwenye droo ya jikoni, nani anaweka risiti jikoni, mimi.

Malipo yalichukua wiki saba na fomu ileile nilijaza mara tatu. Wiki ya sita nikawaambia naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, sijui ndo ilisaidia au bahati, ila wiki iliyofuata hela ikaingia. Mwaka huu nimerinyuu hapohapo, nyumba nimeandika milioni 90 na kava ya umeme nimeongeza, ada imepanda lakini siyo ya kutisha.

Nyota tatu na nusu. Ya nne ningewapa, ila hela ya microwave mpaka leo naambiwa iko kwa mhasibu.