Uzoefu wangu: sarafu 64 za fedha kwa dola moja ya mwaka 1799

Mwezi wa Novemba 2023, kwenye maonyesho ya sarafu katika jimbo la Maryland ninakoishi, nilimkabidhi muuzaji mmoja dola za fedha 64 nilizokuwa nimezikusanya kwa miaka tisa, nikamwongezea dola 155 taslimu, nikaondoka na sarafu moja tu mfukoni: dola ya Marekani ya mwaka 1799. Muuzaji mwenyewe sitamtaja, kwa sababu nina mema ya kumsifia na nina nongwa yangu ndogo pia, na yote mawili yanamfaa msomaji hata bila jina. Nampa nyota nne kati ya tano.

Nianze na nilichotoa. Sarafu 41 zilikuwa za Morgan, zilizoitwa kwa jina la mchongaji wake George T. Morgan, ambazo zilitolewa tangu 1878 hadi 1904 na kisha tena 1921. Nyingine 23 zilikuwa za Peace, yaani dola za Amani, zilizofuata kuanzia mwisho wa mwaka huo wa 1921. Zinapendeza, zina uzito mkononi, na ukizigonganisha zinatoa sauti ambayo sarafu za siku hizi hazina, lakini adimu si adimu hata kidogo. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia peke yake kilipiga Morgan zaidi ya milioni 44 mwaka 1921, na mwaka 1922 kikapiga za Amani zaidi ya milioni 51. Serikali ilikwisha kuyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270 kwa Sheria ya Pittman ya mwaka 1918, na bado zilizosalia zinatosha kujaza meza za kila maonyesho niliyowahi kwenda. Ubora wake ni kwamba kila moja ina aunsi 0.77 hivi ya fedha safi, kwa hiyo haishuki chini ya thamani ya madini yake, na muuzaji anajua atakulipa kiasi gani kabla hamjamaliza kusalimiana.

Nilichokitaka ni cha jamii nyingine kabisa. Dola za mwanzo za Marekani zilipigwa kuanzia 1794 hadi 1804, kwa mashine za parafujo zilizozungushwa kwa nguvu za mikono, chini ya sheria ya Aprili 1792 iliyotaka kila dola iwe na gramu 24.06 za fedha safi ndani ya uzito wa gramu 26.96. Ya mwaka 1794 haifikiki kwa mtu wa mshahara kama mimi; moja iliuzwa Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Ya 1799 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika kundi hilo, kwani zaidi ya 423,000 zilitoka kiwandani mwaka huo, na bei yake, ikiwa imechakaa kwa heshima, inalingana na gunia dogo la Morgan. Mbele kuna Liberty, sura ya mwanamke anayewakilisha uhuru, mwenye nywele zilizofungwa utepe na kitambaa kilichomwangukia kifuani, kazi ya mchongaji Robert Scot. Nyuma kuna tai mwenye ngao. Thamani yake haikuandikwa upande wowote kati ya hizo mbili. Imeandikwa ukingoni tu, kwa herufi zilizozama: HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT.

Jambo lililonivuta zaidi ni kwamba dola hizi ziliuawa na biashara ileile niliyokuwa naenda kuifanya, yaani kubadilishana. Zilikuwa nyepesi kidogo kuliko dola ya Kihispania, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita reale ya mzinga kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake walizifananisha na mizinga. Katika visiwa vya Karibi, hata hivyo, zilipokelewa kwa thamani sawa na hiyo ya Kihispania, na mtu mjanja aliweza kupeleka za Marekani, kurudi na za Kihispania, akazipeleka Philadelphia zipigwe upya, na faida ikabaki kwake. Kiwanda kikawa kinatoka jasho kutengeneza sarafu ambazo hazikai nchini, na baada ya 1804 kikaacha kuzipiga kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa sisi wa Zanzibar hadithi hiyo ina mkia. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, na mwaka 1835 mjumbe wao Edmund Roberts alimpelekea Muscat, miongoni mwa zawadi, seti ya sarafu yenye dola iliyoandikwa 1804, ingawa ilikuwa imepigwa mwaka mmoja tu kabla. Kipande kinachoaminika kuwa ndicho cha Seyyid Said kiliuzwa mnadani Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Hicho sitakigusa maishani, lakini dola ya 1799 ina Liberty yuleyule na tai yuleyule, na nakiri kwamba sababu hii, isiyo ya kibiashara hata chembe, ndiyo iliyonitoa nyumbani na kisanduku cha kilo 1.7.

Meza ya kwanza niliyosimama nusura inipeleke pabaya. Muuzaji alikuwa na dola ya 1798 isiyo ndani ya kasha, na baada ya kutazama kisanduku changu kwa nusu dakika alisema tubadilishane hivyohivyo, zangu zote kwa yake, bila mtu kuongeza kitu. Sentensi hiyo ina utamu wake, kwa sababu hakuna tarakimu inayotajwa na kila mmoja anajiona amepata. Shemeji yangu, ambaye alinisindikiza kwa kuwa hakuwa na kazi siku hiyo, alikuwa ameshaanza kunipongeza. Nilitoa lenzi. Juu ya kichwa cha Liberty, herufi B na E zilikuwa nyembamba kuliko wenzake, kana kwamba zimeandikwa na mkono mwingine, na uwanja uliozizunguka ulikuwa laini kupita kiasi. Nikaigeuza. Sarafu za Marekani hupigwa kichwa na mgongo vikielekeana kinyume, kwa hiyo kilicho juu mbele kiko chini nyuma. Nikatazama penye mkia wa tai, na pale pale palikuwa na duara hafifu la rangi tofauti. Sarafu ilitobolewa zamani, pengine ivaliwe shingoni, kisha tundu likazibwa kwa fedha na herufi zikachongwa upya. Nilipomwonyesha, alisema ndiyo maana hakutaka nyongeza. Huenda alikuwa mkweli, lakini angeyasema hayo kabla ya lenzi ningemwamini zaidi.

Meza ya pili nilibadili utaratibu, na hapa ndipo namsifu muuzaji ninayempa nyota nne. Sikumtajia kubadilishana. Kwanza niliuliza bei ya mwisho ya dola yake ya 1799 kwa mtu mwenye pesa mkononi; iliandikwa dola 1,850, akashuka hadi 1,750. Ndipo nikafungua kisanduku na kumuuliza atanilipa kiasi gani kwa sarafu zangu ikiwa sitanunua chochote kwake. Alicheka, akasema swali hilo huulizwa na watu waliokwisha kuumwa. Alizimwaga juu ya kitambaa, akazitenga kwa aina, akapima chache kwenye mizani, na baada ya dakika arubaini alitaja dola 26 kwa kila Morgan na 23 kwa kila ya Amani. Fedha ilikuwa ikiuzwa kati ya dola 22 na 25 kwa aunsi wakati huo, kwa hiyo madini ya kila sarafu yalikuwa na thamani ya dola 17 hadi 19. Bei yake haikuwa ya ukarimu, wala haikuwa ya dhuluma. Jumla ilikuwa 1,595. Tofauti ni hizo 155 nilizolipa.

Sarafu yenyewe ilikuwa ndani ya kasha la plastiki lililofungwa na mojawapo ya kampuni mbili kubwa za kupima ubora, ikiwa na daraja la F15 kwenye kipimo kinachoanzia 1, iliyochakaa kabisa, na kuishia 70, isiyo na dosari. Kabla ya kutoa fedha niliingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni hiyo kwa simu, nikalinganisha picha na kilichokuwa mbele yangu alama kwa alama, kwa maana dola za mwanzo zinaghushiwa mno, na makasha nayo yanaghushiwa. Palikuwa na mikwaruzo mitatu iliyosimama sambamba juu ya kitambaa cha Liberty, nayo nilidhani ni ajali ya baadaye. Muuzaji alinieleza kwamba ni alama za tupa: kipande cha fedha kilichozidi uzito kilisuguliwa kabla ya kupigwa muhuri hadi kikatosha. Nilikagua kwa lenzi na kuona kwamba kweli mikwaruzo ilipita chini ya mikunjo ya kitambaa, ikionekana mabondeni na kufifia kwenye vilele, jambo ambalo mkwaruzo wa baadaye hauwezi kulifanya. Rangi yake ni kijivu cha jivu la mkaa, nzito zaidi pembeni mwa herufi. Hakuna aliyeisugua ing'ae, na hilo ndilo lililoniamulia, kwani iliyosafishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei na hairudishiki. Kasha lina meno manne yanayoishika sarafu, na katika nafasi iliyopo kati yake, ukiinamisha kuelekea taa, zinasomeka herufi LLAR.

Sasa hesabu, maana tathmini bila hesabu ni porojo. Sarafu zangu zingeuzwa moja moja kwa wakusanyaji wenzangu, kwa bei ya rejareja ya wakati huo ya dola 35 kwa Morgan na 30 kwa za Amani, zingeleta 2,125. Niliachia dola 530 mezani. Kinyume chake ni picha 128, vifurushi 64, ada za mtandao na wanunuzi wa kurudisha mzigo, na mimi nina watoto wawili na kazi ya zamu. Kwa mtu mwenye nafasi, auze kwanza halafu anunue. Kwa mtu kama mimi, 530 ni ujira wa mtu aliyefanya kazi hiyo badala yangu, na nimeukubali, ingawa sikuukubali siku hiyo hiyo.

Kuna na kodi, ambayo shemeji alidhani haipo kwa kuwa hatukuuza. Tangu mwaka 2018 sheria ya Marekani inaruhusu kuahirisha kodi ya kubadilishana kwa ardhi na majengo tu, kwa hiyo sarafu kwa sarafu ni mauzo. Nilikuwa nimetumia dola 1,480 kuzinunua zile 64, na faida yangu ya 115 nikaiandika kwenye fomu za mwaka ule kama faida ya vitu vya kukusanya, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 28. Si kodi ya kumkosesha mtu usingizi, lakini ningeshindwa kuihesabu kama nisingekuwa nimetunza karatasi za manunuzi.

Nongwa ya kwanza inahusu karatasi pia. Risiti niliyopewa iliandikwa mstari mmoja, dola za fedha 64, bila bei ya kila upande, na nilipoomba iandikwe upya, nikitaka 1,595 na 1,750 zionekane kila moja mahali pake, nilitazamwa kama mtu anayetafuta ugomvi. Aliiandika, lakini kwa mwandiko wa mtu aliyekasirika.

Nongwa ya pili ni yangu mwenyewe. Usiku ule nilizipitia picha nilizopiga kabla ya kwenda. Miongoni mwa Morgan za 1878 ilikuwamo moja ambayo tai wake, nilipoikuza picha, alikuwa na manyoya manane mkiani. Mwaka huo wa kwanza kiwanda kilianza na tai wa manyoya manane kabla ya kuhamia kwenye saba, na za manane zilikuwa laki saba na nusu hivi tu, hivyo hata ikiwa imechakaa huuzwa mara kadhaa ya dola 26. Je, muuzaji aliliona? Aliishika, na macho yake yamezoea. Lakini mimi niliimiliki kwa miaka sita na sikuwahi kuhesabu, na sioni kwa nini nimdai mtu mwingine uangalifu ambao sikuutoa. Ndiyo maana ni nyota nne, wala si tatu.

Nimerudi kwenye meza yake mara mbili tangu siku hiyo, nikiwa na Morgan chache kila mara. Anakumbuka kuandika risiti ya mistari miwili, na mimi nazipanga upande wa tai na kuhesabu mikia kabla sijaondoka nyumbani.