Uzoefu wangu na COCA: msaada wa kuchagua kati ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiingereza, na kinachonisumbua kuliko sarufi ni visawe. Kamusi ya visawe hukumwagia maneno na kukuacha hapo hapo. Tafuta "big", utapewa "large", "great" na "huge" kwenye mstari mmoja, kana kwamba lolote litafaa popote. Wapi! "Big mistake" husemwa kila siku. "Large mistake" itaeleweka, ila sikio litakataa. Ukija kwenye idadi, "large number" ndiyo iliyozoeleka.

Ndiyo maana naithamini sana COCA. Ni kongoo, yaani hazina ya matini halisi ya Kiingereza cha Marekani, iliyojengwa na mwanaisimu Mark Davies. Ina maneno zaidi ya bilioni 1, ya mwaka 1990 hadi 2019: mazungumzo, hadithi, magazeti, majarida, makala za kitaaluma, maandishi ya filamu na televisheni, blogu na kurasa nyingine za wavuti. Unajisajili, unaandika neno, unaonyeshwa maneno linaloandamana nayo.

Juzi mwandishi mmoja aliniletea sentensi hii: "The training caused great improvement." Sarufi haina kasoro, lakini haikunikaa. Nikatafuta majirani wa "cause": "problems", "damage", "death", "pain". Karibu wote ni balaa! Neno hilo limezoea kutangulia mabaya, kwa hiyo mafanikio yakilifuata yanaonekana kama ajali. Tukaweka "led to", sentensi ikatulia. Hakuna orodha ya visawe ingenionyesha hilo.

Ninachokipenda zaidi ni sehemu ya kulinganisha maneno mawili. Weka "small" na "little". La kwanza huelekea kwenye "business" na "amount", la pili kwenye "boy" na "brother". Papo hapo unaona kwamba suala si udogo peke yake. "Little" hubeba hisia, mara upendo, mara dharau. Pia kuna chati inayoonyesha neno hutumika mara ngapi katika kila aina ya matini, nayo inafaa sana kwa wanaopenda kuandika "commence" pale "start" ingetosha.

Akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa siku, na alama za kutafutia zinahitaji kuzoewa. Usiishie kwenye takwimu. Bofya usome sentensi zenyewe, maana neno moja huwa na maana kadhaa na hesabu huzichanganya.

Kama unaandikia wasomaji wa Uingereza, kwenye tovuti hiyo hiyo ya COCA ipo BNC (British National Corpus), kongoo ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100. Matini zake nyingi ni za kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo kwa msamiati wa teknolojia usiitegemee.